Mbio ndefu ukiwa peke yako: Ugumu upi uvumilie, upi ukusimamishe?

Kila inapofika Januari, barabara za Moshi huwa na watu kabla jua halijachomoza. Wengine hushika barabara ya Arusha, wengine ya kwenda Himo, na waliozoea milima hupanda kuelekea Mweka. Wanajiandaa na Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika mjini hapa tangu mwaka 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi.

Siku za kazi wengi hukimbia kwa vikundi. Lakini zile mbio ndefu za mwisho wa wiki, kilomita 28 hadi 32, mara nyingi mtu hujikuta peke yake. Mwenzake yuko zamu, amekwenda msibani, au mwendo wao haulingani. Hiyo ndiyo siku inayomjenga mkimbiaji, na ndiyo siku ambayo akizidiwa hakuna wa kumwambia, “Simama kwanza, hauko sawa.”

Kwa hiyo, ukifika kilomita ya 24 miguu ikiwa mizito na moyo umekata tamaa, uendelee au usimame? Jibu halitokani na ushujaa. Linatokana na kujua kinachotokea mwilini.

Kwa nini mwili unagoma

Sababu ya kwanza ni akiba ya nguvu. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kwa umbo linaloitwa glaikojeni. Akiba hiyo hutoa takribani kilokalori 2,000. Mtu mwenye kilo 65 hutumia karibu kilokalori 65 kwa kila kilomita anayokimbia, yaani karibu 1,950 kwa kilomita 30. Mafuta ya mwili husaidia, lakini hutoa nguvu polepole. Akiba ya wanga ikikaribia kwisha, miguu hulegea. Ubongo nao hutegemea sukari, hivyo mtu huingiwa na huzuni au hasira isiyo na sababu. Mara nyingi sauti inayokwambia “huwezi” ni njaa tu.

Sababu ya pili ni joto. Miezi hii Moshi hupita nyuzi 30 mchana. Damu inayohitajika kwenye misuli hulazimika pia kwenda kwenye ngozi kupoza mwili, na moyo hupiga haraka zaidi ingawa mwendo haujabadilika.

Ya tatu ni mlima. Mji uko kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na lango la Mweka liko juu ya mita 1,600. Kupanda huchosha pumzi, lakini kushuka ndiko huumiza zaidi misuli ya mapaja, kwa sababu hukaza huku ikivutwa. Maumivu yake huja kesho yake na huweza kuzidi hadi siku ya tatu.

Kabla ya kutoka

Toka alfajiri, ili kilomita za mwisho zisikukute kwenye jua kali. Mweleze mtu wa nyumbani njia unayopita na saa ya kurudi. Beba simu yenye chaji, nauli ya bodaboda na karatasi yenye jina lako na namba ya ndugu. Kama una wasiwasi na afya yako, kimbia mizunguko ya kilomita tano au sita karibu na nyumbani, ili usiwe mbali na msaada.

Ukiwa na homa, usikimbie. Kwetu homa inaweza kuwa malaria, na mazoezi mazito juu ya homa ni hatari kwa moyo. Pia usimeze ibuprofeni au diklofenaki ili “kuwahi maumivu”. Dawa hizi hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mwili ukiwa umepungukiwa maji, figo zinaweza kuumia.

Baada ya saa moja ya kwanza, ule gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina takribani gramu 25. Usisubiri njaa. Maji kunywa kwa kufuata kiu, kidogo kidogo. Kunywa kupita kiasi nako ni hatari, kwa kuwa huzimua chumvi ya damu na kuvimbisha ubongo. Jipime uzito kabla na baada; ukirudi umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi.

Kipimo cha mwendo ni rahisi. Ukimwamkia mzee njiani, naye akakuuliza unatoka wapi, uweze kumjibu sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa, unakimbia haraka mno kwa siku hiyo.

Kanuni ya dakika kumi

Ugumu ukikukamata, usiamue papo hapo. Tembea dakika mbili au tatu, kunywa maji kidogo, kula kitu. Kisha kimbia polepole kwa dakika kumi, halafu ndipo uamue. Kama ugumu umepungua, ulikuwa wa mazoezi, na unaweza kuendelea kwa kugawa njia vipande vidogo: hadi kwenye daraja, hadi dukani, hadi kwenye kona. Kama haujapungua, au umezidi, siku yako ya mbio imeishia hapo.

Kuna dalili ambazo hazisubiri hata hizo dakika kumi. Ni maumivu au kubanwa kifua, kutaka kuzimia, kutapika mfululizo, kuhisi baridi au vipele vya baridi huku jua linawaka, na maumivu ya sehemu moja yanayokufanya uchechemee. Nyingine ni kuchanganyikiwa, na hii mtu aliye peke yake haioni kwa urahisi. Jipime kwa kutamka namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Ukikwama, kaa kivulini na uombe msaada kwa mtu wa kwanza unayemwona.

Na wewe unayemkuta mkimbiaji ameanguka au anaongea ovyo kwenye joto, usimlazimishe kunywa. Mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mkimbizeni hospitali, iwe KCMC, Mawenzi au kituo kilicho karibu. Mpozeni kwanza, kila dakika ina thamani.

Vipi kuhusu Akhwari?

Watu wengi hapa watamtaja John Stephen Akhwari. Katika Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico City alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji na kumaliza wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni heshima ya taifa hadi leo.

Lakini ile ilikuwa siku ya mashindano, na alikuwa na watu wa kumhudumia. Jumamosi yako barabara ya Mweka haina medali, na nyuma yako hakuna gari la wagonjwa. Mazoezi ni ya kukufikisha salama kwenye mstari wa kuanzia. Aliyepanga kilomita 30 akasimama kwenye 24 amefanya mazoezi ya kilomita 24, na hayo hayapotei. Asijaribu tu kulipa zile sita kesho yake.

Ukirudi nyumbani

Tembea kidogo kabla ya kukaa. Ndani ya saa moja kula chakula chenye wanga, protini na chumvi. Mtori wa ndizi na nyama una vyote hivyo pamoja na maji. Angalia mkojo wako. Njano iliyokoza inasema ongeza maji. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, huenda misuli imeumia na figo ziko hatarini, hivyo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mpigie simu yule uliyemwachia saa ya kurudi. Kama umerudi na bodaboda, mwambie hivyo hivyo, bila aibu. Wiki ijayo barabara itakuwepo.