Kutambua ndege za zamani kwa umbo: jicho la pwani likitazama juu

Mfanyabiashara anayesubiri chombo Msimbati ili avuke kwenda Palma hana haja ya kusoma jina ubavuni. Chombo kikiwa bado doa jeusi mbali baharini, yeye ameshajua. Kimechongoka mbele na nyuma, hilo ni dau. Kina tanga kubwa na shetri bapa, hilo ni jahazi. Kina mbao za kuelea pande zote mbili, hiyo ni ngalawa. Rangi haionekani, nahodha haonekani. Umbo peke yake limetosha.

Wapo watu duniani wanaofanya hivyohivyo kwa ndege, hasa zile za zamani. Wanaoneshwa picha nyeusi tupu, bila rangi wala maandishi, kisha wanataja aina ya ndege na mwaka iliporuka mara ya kwanza. Kwao ni burudani kama bao au drafti.

Burudani hiyo ilizaliwa vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliweka raia zamu usiku na mchana kutazama anga, na tangu 1941 palikuwa na gazeti maalumu la kuwafundisha maumbo ya ndege. Marekani ilichapa hata karata zenye vivuli vya ndege, ili askari wajifunze huku wakicheza. Vita vilipokwisha, watu hawakuacha.

Kanuni zenyewe ni nne. Tazama bawa: liko juu ya kiwiliwili au chini yake, limenyooka au limelala nyuma? Tazama injini: ni ngapi na zimekaa wapi? Tazama kiwiliwili: kinene, chembamba, butu mbele? Mwisho tazama mkia. Anayejibu manne hayo kwa haraka hakosei mara nyingi.

Mwambao wa kaskazini mwa Cabo Delgado ni darasa zuri la mchezo huu, kwa sababu anga lake limepitiwa na ndege za kila namna.

Mwaka 1937 shirika la Imperial Airways lilianza kutumia ndege kubwa za kutua majini katika safari ya kutoka Southampton hadi Durban. Miongoni mwa vituo vyake vilikuwa Mombasa, Dar es Salaam, Lindi na Lumbo, mkabala na Kisiwa cha Msumbiji. Kati ya Lindi na Lumbo ndipo ulipo mdomo wa Ruvuma, Palma na Mocímboa da Praia. Umbo lake halifichiki: bawa juu, injini nne, tumbo kama la mashua, na kiboya kidogo chini ya kila bawa.

Upande wa pili wa mpaka, East African Airways ilianza kazi 1946 kwa ndege ndogo za Dragon Rapide. Hizo zina mabawa mawili, moja juu ya jingine, yenye ncha zilizochongoka. Baadaye ilitumia DC-3, ambayo iliruka mara ya kwanza Desemba 1935. DC-3 ina injini mbili na bawa la chini. Ukingo wa mbele wa bawa unarudi nyuma, wa nyuma karibu umenyooka. Ikiwa ardhini hukalia mkia, pua ikitazama mbingu. Shirika hilo la pamoja lilikufa 1977, mwaka ileile Jumuiya ya kwanza ilipovunjika.

Lakini kwa watu wa Cabo Delgado, maumbo yaliyokaa zaidi kichwani si ya ndege za abiria. Ni ya miaka kumi ya vita vya ukombozi, vilivyoanza Chai tarehe 25 Septemba 1964 na kumalizika kwa makubaliano ya Lusaka ya Septemba 1974. FRELIMO haikuwa na ndege hata moja vitani. Kila iliyosikika juu ilikuwa ya Mreno. Swali lilikuwa moja tu: ni ipi?

Jibu lilikuwa na uzito. Dornier Do 27 ya Ujerumani, injini moja, bawa la juu lisilo na mhimili wa kulishikilia, mara nyingi ilikuja kupeleleza, kuleta barua au kuchukua majeruhi. Ikikuona, nyingine ingeweza kufuata. T-6, ndege ya mafunzo ya Marekani iliyofungwa silaha, ina bawa la chini, pua butu ya duara na kioo kirefu mgongoni, na ngurumo yake ya kukwaruza husikika kabla haijaonekana. Helikopta ya Alouette III, yenye kichwa cha kioo kama povu, ilishusha askari. Noratlas ya Ufaransa, ambayo kiwiliwili chake kimekaa kati ya mihimili miwili ya mkia, ilibeba watu na mizigo.

Iliyotisha kwa kasi ni Fiat G.91 ya Italia. Ni jeti ndogo, mabawa yamelala nyuma, na mdomo wa kuvuta hewa uko chini ya pua. Kikosi cha ndege hizo kilikuwa na makao Nacala. Julai 1970, Jenerali Kaúlza de Arriaga alipoanzisha operesheni kubwa dhidi ya ngome za uwanda wa Makonde, anga halikuwa na utulivu. Aliyechelewa kutofautisha Fiat na Dornier alichelewa pia kuzima moto wa jiko, kuwaita watoto na kuingia porini.

Elimu hiyo haikuandikwa daftarini. Iko kwa wazee, na wazee wanaondoka. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1970 leo amevuka 65. Wengine hawako hata Msumbiji; walivuka Ruvuma kama wakimbizi na kuzeekea Lindi na Mtwara. Wewe unayefanya biashara pande zote mbili unawafahamu. Pengine ndio unaowauzia sukari, au wanaokupa mahali pa kulala boti inapochelewa.

Basi burudani hii inaweza kufanya kazi. Chora kwa kalamu nyeusi maumbo sita: Dornier, T-6, Fiat, Noratlas, DC-3 na Alouette. Usiandike majina. Siku ya mapumziko barazani, baada ya salamu na chai, mwoneshe mzee na umwache atazame. Usimuulize ilikuwa ndege gani. Muulize bawa lilikuwa juu au chini, na sauti ilikuwaje. Akitaja jina walilolipa kijijini kwao, kwa Kimwani au Kimakonde, liandike kama alivyolitamka. Asipotaka kuendelea, funga karatasi. Yale maumbo kwake si mchezo.

Na tahadhari moja. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, na lile la Palma la Machi 2021, anga la pwani hii lina ndege na helikopta za kijeshi tena. Hizo si za kuchezea. Usizipige picha, usisimame karibu na uwanja wa ndege ukiwa na darubini, wala usitembee mpakani na michoro mfukoni. Askari wa kizuizini hatajua kwamba unapenda tu mambo ya kale. Mchezo huu ni wa barazani, na ndege zake ni zile zilizokwisha kutua.