Mtu Mzima Hafundishwi Kama Mtoto

Darasa la kisomo linapofunguliwa katika kata, siku ya kwanza huwa na watu wengi. Madawati ya shule ya msingi hujaa, na wengine husimama dirishani. Majuma machache baadaye nafasi huanza kuonekana. Sababu inayotajwa kwa kawaida ni msimu wa kilimo, na ni sababu ya kweli, kwa maana mvua haimsubiri mtu amalize somo. Sababu nyingine inayotajwa ni uvivu, na hiyo haina budi kutiliwa shaka, kwani mtu anayeamka alfajiri kuchota maji na kurudi shambani jioni hawezi kuitwa mvivu kwa sababu tu ameacha kukaa kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa darasa la pili.

Lipo swali ambalo haliulizwi mara kwa mara: alipokuwa darasani, mtu huyo alichukuliwa kuwa nani? Mama anayetunza kichwani hesabu ya mikopo ya kikundi chake, mwanachama mmoja baada ya mwingine, akisimamishwa aitikie irabu kwa sauti huku akielekezwa kwa fimbo ubaoni, hana sababu kubwa ya kurudi Jumatano inayofuata. Namna mwezeshaji anavyomtazama mama huyu hutokana na fikra fulani kuhusu elimu na binadamu, hata kama mwezeshaji mwenyewe hajawahi kuitafakari. Fikra hizo zina historia ndefu, na sehemu yake muhimu imeandikwa hapa hapa Tanzania.

Fikra iliyozoeleka zaidi humwona mwanafunzi kuwa mtungi mtupu na mwalimu kuwa ndoo. Paulo Freire, mwalimu kutoka mji wa Recife nchini Brazili, aliilinganisha na shughuli za benki: mwalimu huweka akiba, mwanafunzi huitunza, na siku ya mtihani hutakiwa kuirudisha ilivyo. Pingamizi lake halikuwa la maneno matupu. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos, yeye na wenzake waliendesha madarasa ya watu wazima wapatao 300, wengi wao watu maskini, kwa muda wa saa 40 hivi za masomo. Mwaka uliofuata jeshi lilitwaa serikali, Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Kufundisha wakulima na vibarua kusoma kulikuwa kumeonekana kuwa jambo la hatari, hasa kwa kuwa nchini humo asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura.

Njia ya Freire ilianza kabla ya kitabu. Wawezeshaji waliwasikiliza kwanza wakazi na kuchagua maneno machache yaliyobeba uzito wa maisha yao. Neno lilipoletwa darasani lilifuatana na picha, na watu walizungumza juu ya jambo lenyewe kabla ya kuligusa neno. Kiswahili kinaifaa sana njia hii kwa sababu silabi zake nyingi ziko wazi. Chukua neno kisima. Katika kijiji chenye kisima kimoja, mazungumzo hayatakosekana: nani alikichimba, kwa nini hukauka mwezi wa tisa, nani hupanga zamu, fedha za matengenezo ziko kwa nani. Baada ya hapo neno hukatwa: ki, si, ma. Kila silabi huletewa ndugu zake: ka, ke, ki, ko, ku, sa, se, si, so, su, ma, me, mi, mo, mu. Kisha wanakisomo huachwa waunganishe wenyewe. Watapata soma na sema, soko na simu, kisu na kuku, kosa, kesi, sumu, hata kamusi. Silabi 15 tu, tena katika jioni moja au mbili, na mtu ameandika maneno ambayo hakuna aliyempa. Anayeliona jambo hilo likitokea huelewa upesi kwa nini Freire alikataa mfano wa mtungi.

Tanzania ilifikia mawazo yaliyo karibu na hayo kwa njia yake. Mwaka 1964, Mwalimu Julius Nyerere alipoueleza Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alitaka watu wazima waelimishwe kwanza, kwa hoja kwamba faida ya kusomesha watoto ingechelewa kwa miaka mingi ilhali wazazi wao ndio waliokuwa wakiamua mambo ya shamba na nyumba. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo, kati ya 1968 na 1972, mikoa ya Kanda ya Ziwa ilikuwa ikijaribu, kwa msaada wa UNESCO, kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa: kujifunza kusoma kupitia kazi ya mtu, kama vile pamba, migomba, uvuvi au ufugaji.

Kisomo hicho kilikuwa hatua kubwa, lakini hakikuwa sawa na alichokusudia Freire. Kitabu cha pamba humfundisha mkulima nafasi za kupandia na wakati wa kupiga dawa. Hakimwalizimu kuuliza bei inapangwa na nani. Nyerere mwenyewe, akizungumza katika mkutano wa kimataifa wa elimu ya watu wazima uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1976, alisisitiza kwamba kazi ya elimu hii ni kumwamsha mtu atambue kuwa hali yake inaweza kubadilika, na kwamba mtu mzima huja darasani akiwa tayari anajua kitu, hata kama hatambui kuwa anakijua.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilionesha jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kukutana. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza kipindi, mtu mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wote wakajadili, kisha wakaamua la kufanya kijijini mwao: vyoo vikachimbwa, vichaka vikafyekwa. Asiyejua kusoma hakuachwa nje, kwa kuwa mjadala haukuhitaji herufi.

Takwimu za serikali zilionesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka asilimia 67 hivi mwaka 1967 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika, kuanzia umri wa miaka 15, ni takriban 78 kwa kila 100. Sababu za kurudi nyuma ni zaidi ya moja, lakini mojawapo hujulikana na kila mwezeshaji mzoefu: aliyejifunza kusoma kisha akakosa cha kusoma hurudi alikotoka.

Isidhaniwe kwamba mjadala peke yake unatosha. Wapo wanakisomo wanaochoshwa na mazungumzo, wanaotaka kuandika jina lao, kusoma ujumbe wa simu bila kumwita mjukuu, au kujiandaa kwa mtihani. Mwezeshaji anayewalazimisha wajadili kisima wakati wao wanataka hesabu za mizani naye amewageuza mitungi, ila ya namna nyingine. Malcolm Knowles wa Marekani, aliyeandika sana kuhusu ufundishaji wa watu wazima katika miaka ya 1970, alishikilia hoja hiyo: mtu mzima hujifunza anapoona haja, na yeye ndiye anayeijua haja yake.

Kwa hiyo, wakazi wanaofikiria kuanzisha au kufufua darasa katika mtaa au kijiji chao wana jambo la kufanya kabla ya kuomba ubao na chaki. Wanakisomo wenyewe wakutane, wachague kamati ya darasa, na wakubaliane juu ya siku, saa na mambo matatu au manne wanayotaka kuanza nayo. Pendekezo hilo lipelekwe kwa Afisa Elimu Kata au kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu. Saa zikiwekwa na watu wanaochota maji na kupika, si ajabu darasa likaanza saa tisa alasiri badala ya saa kumi na mbili jioni, na likasimama kwa wiki chache za palizi bila mtu yeyote kuandikwa mtoro.