Iringa au Mbeya: mji wa kuzeekea

Mtumishi wa umma Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na wengi hulazimika kutoka kazini wakifikisha 60. Kwa anayeishi Dar es Salaam katika nyumba ya kupanga, miaka hiyo mitano ya katikati ndiyo ya kupiga hesabu, maana mshahara ukikatika kodi ya nyumba haikatiki. Walio na kijiji cha kurudi hurudi. Lakini wapo ambao kijiji kimebaki jina tu: wazazi walishatangulia, shamba la ukoo limegawanywa likaisha, na watoto waliozaliwa Temeke hawaijui hata njia ya kwenda huko. Hao ndio ninaowaandikia, hasa wanaotazama Nyanda za Juu Kusini na kupima kati ya Iringa na Mbeya.

Tuanze na fedha. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF, na tangu hapo kikokotoo kimekuwa gumzo la kila ofisi ya umma. Kanuni ya Julai 2022 iliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikayapandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa zamani likipata 50, na 35 kwa lililokuwa likipata 25. Chukua mwalimu aliyefundisha miaka 30, ambaye wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu bora ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Miezi yake 360 inagawanywa kwa 580, inazidishwa kwa mshahara wa mwaka mzima, kisha kwa 12.5, halafu anapewa asilimia 40 ya jumla hiyo. Anaondoka na kama milioni 44.7 mkononi, na pensheni yake ya kila mwezi haifiki laki tano. Mtu mwenye kipato hicho akibaki kwenye nyumba ya kupanga Dar es Salaam, mkupuo utaliwa na pango kabla hajazoea kuitwa mstaafu.

Kwa upande wa chakula, Iringa na Mbeya hazipishani sana, na zote zinamfaa. Iringa inapata nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, maziwa na mahindi. Mbeya ina viazi vya Uyole, ndizi za Tukuyu, maharage, na mchele wa Kyela na Mbarali. Ukifika soko la Mwanjelwa, Mbeya, kununua mchele, muuzaji hakuharakishi. Anachota konzi moja kutoka kwenye lundo, anakumwagia kiganjani, unapeleka puani, unatafuna punje mbili, unasogea lundo la pili. Anayetoka sokoni Dar es Salaam atashangaa jinsi pensheni ndogo inavyoweza kushibisha watu wawili huku. Hali ya hewa nayo inafanana: Iringa iko kama mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama mita 1,700. Feni haihitajiki. Sweta linahitajika, hasa Mbeya, ambako asubuhi za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mwenye magoti mabovu asilichukulie jambo hili kwa wepesi.

Miji hii inaanza kuachana kwenye ukubwa na umbo. Sensa ya 2022 iliikuta Manispaa ya Iringa na watu wapatao laki mbili, na Jiji la Mbeya na zaidi ya laki tano. Iringa imekaa juu ya kilima, Ruaha Mdogo ukipita bondeni. Barabara kuu ya Zambia inapita chini, Ipogolo, kwa hiyo malori hayaingii katikati ya mji. Huko juu, Soko Kuu, benki, hospitali ya rufaa ya mkoa, makanisa na misikiti, kote ni mwendo wa miguu. Jioni watu hupanda jiwe la Gangilonga, wanafunzi na madaftari yao, wazee na fimbo zao, mji wote ukiwa chini yao. Anayetaka kwenda mbali zaidi ana Isimila, bonde la nguzo za udongo ambako zana za mawe za watu wa kale zilifukuliwa, kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya. Kalenga nako si mbali. Hapo ilikuwapo ngome ya Mtwa Mkwawa iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894, na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 limehifadhiwa hapo. Mstaafu mwenye elimu hakosi pia mlango wa kubisha: Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha (RUCU) na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa viko mjini humo, na mtu aliyetumikia ofisi miaka thelathini ana mengi ya kuwaeleza vijana wanaoelekea kazini.

Mbeya ni mji wa shughuli. Ulianza mwaka 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, na bado unaishi kwa biashara: njia ya Zambia na Malawi, masoko ya Mwanjelwa na Soweto, mizigo ya Tunduma. Reli ya TAZARA ina stesheni yake hapa, na uwanja wa ndege wa Songwe ulifunguliwa mwaka 2012. Mwenye nguvu za kupanda mlima atauona Loleza ukimwita kila asubuhi, kwani umesimama nyuma ya mji kabisa, mita zaidi ya 2,600. Ziwa Ngosi liko njia ya Tukuyu, na Kitulo, hifadhi ya maua iliyotangazwa mwaka 2005, iko ng'ambo ya Uporoto. Kwa kipato cha pembeni pia Mbeya inaishinda Iringa. Duka dogo, chumba cha kupangisha, kuku wa mayai: vyote vinapata wateja haraka zaidi penye watu wengi.

Kisha kuna hospitali, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu akiwa na miaka 61 huuchagua mji kwa miguu aliyo nayo siku hiyo. Anatazama mlima, shamba, hewa. Ila kustaafu kuna vipindi viwili. Cha kwanza ni cha nguvu, na kinaweza kuchukua miaka kumi au zaidi. Cha pili ni cha kliniki: presha, sukari, macho, tezi dume, figo. Mstaafu aliyechangia NHIF akiwa kazini huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kadi ya bima hailipi nauli, wala chumba cha binti aliyeacha kazi yake kuja kukuuguza. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya inahudumia mikoa saba ya Nyanda za Juu Kusini, Iringa ikiwamo. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa Iringa anayehitaji bingwa asiyekuwapo hospitali ya mkoa anaandikiwa rufaa: Mbeya, kilomita 330 hivi, au Dodoma kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa, kwa barabara ya lami ya Mtera, au Muhimbili, kilomita kama 500. Mkazi wa Mbeya anapanda daladala.

Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo au figo uliokwisha kujulikana, au ambaye mwenza wake ana saratani, aende Mbeya. Kwake sioni cha kujadili.

Kwa mwingine yeyote mwenye kipato kama cha yule mwalimu, ningemshauri Iringa, kwa sharti kwamba akae juu mjini. Sharti hilo ni zito kuliko jina la mji. Katika miji yote miwili, kiwanja cha bei nafuu kiko pembezoni, na ndicho wastaafu wengi wanachonunua: eneo kubwa, hewa safi, nafasi ya migomba. Kwa miaka kumi ya kwanza ni raha tupu. Baadaye gari linauzwa, na kila kilo ya sukari inahitaji bodaboda, kila kliniki inahitaji bajaji ya kwenda na kurudi, kila usiku wa homa unahitaji jirani mwenye simu ya dereva. Nafuu ya kiwanja inarudishwa kidogo kidogo kwa nauli, na zaidi ya hapo kuna upweke, kwa sababu mzee asiyeweza kufika jumuiya, msikitini, kikoba au kijiweni huanza kusahaulika angali hai. Nyumba ya vyumba viwili karibu na Miyomboni, juu mjini Iringa, isiyo na migomba, inampa mstaafu miaka mingi zaidi ya kujitegemea. Mbeya nako yapo maeneo ya namna hiyo, lakini jiji limetanuka kwa urefu wa barabara kuu, na umbali kati ya hospitali, soko na makazi ya bei ya pensheni ni mkubwa zaidi.

Kuhusu shamba nina neno moja la tahadhari. Paini ya Mufindi inataka miaka 15 hadi 20. Anayeipanda akiwa na 60 anawapandia wajukuu, na ajue hivyo tangu mwanzo. Parachichi huko Rungwe na Njombe huanza kuzaa mapema zaidi, lakini zinataka maji, uangalizi na mtu unayemwamini awepo shambani. Mkupuo ukizikwa wote ardhini mwaka wa kwanza, ugonjwa wa mwaka wa tatu utaliuza shamba kwa bei ya mnunuzi.

Panga kwanza, usinunue. Ingia Mei, uipate baridi ya Juni na Julai, ubaki mpaka mvua zinazoanza Novemba ziishe Aprili. Tembea kutoka sokoni hadi nyumbani na kilo tano mkononi, si mara moja. Waulize majirani maji yanatoka siku zipi. Jiandikishe kliniki ukiwa mzima, uone foleni yake na saa anayofika daktari. Mwenza wako aseme peke yake, wewe ukiwa haupo, kama angeweza kuishi hapo bila wewe, maana mmoja wenu atabaki. Pesa zikae benki au kwenye hatifungani za Serikali mpaka mwaka huo uishe.