Wimbo Unakatwa Chemko Likianza

Jumapili moja alasiri, ndani ya daladala mjini Morogoro, redio ilikuwa ikipiga wimbo wa bendi ya dansi ya Mlimani Park. Waimbaji wakamaliza beti zao, rithimu ikabadili mwendo, magitaa yakaanza kuitikiana, na abiria wa kiti cha nyuma akaanza kugonga vidole kwenye chuma. Papo hapo muziki ukafifia, likaingia tangazo la saruji. Hakuna aliyelalamika. Tangu siku ile nasikiliza kwa makini, na nakuta vituo vingi vya mikoani vinakata pale pale, kana kwamba vimekubaliana.

Mpenzi wa dansi anajua kinachopotea. Nusu ya kwanza ya wimbo ni kisa: mapenzi yaliyovunjika, mtoto aliyepotelea mjini. Nusu ya pili ni chemko. Waimbaji wanabaki na kiitikio, gitaa la solo linapanda, second solo inalijibu, besi inazunguka chini yao, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja. Ukumbini chemko lilichukua muda ambao wachezaji walitaka. Kwenye santuri ndogo zilizotolewa Nairobi miaka ya 1970, wimbo ulipozidi nafasi uligawanywa. Msikilizaji aliinuka akageuza upande wa pili, ngoma ikaendelea. Radio Tanzania Dar es Salaam, katika studio yake ya Barabara ya Pugu, ilirekodi bendi kwenye utepe, na nyimbo zikafika dakika saba hata nane. Santuri ilikosa nafasi, lakini haikulinyima chemko haki yake. Kompyuta ya studio ya leo ina nafasi ya kila kitu, nayo ndiyo inayokata.

Nilimtafuta mtangazaji wa zilipendwa wa kituo kimoja cha biashara, mtu mzima aliyeingia kazini enzi za kaseti. Aliniomba nisimtaje. Alinieleza kwa utulivu kwamba saa yake moja si yake. Ina taarifa ya habari, matangazo, jingo na salamu, na imepangwa kwa kipimo cha Bongo Fleva, wimbo wa dakika tatu. Wimbo wa dakika nane unakula nafasi ya nyimbo mbili na zaidi. Ikifika zamu ya kujiunga na idhaa ya nje, setilaiti haimsubiri mpiga solo. Kwa hiyo kila wimbo umewekewa alama ya kukatia, na yeye mwenyewe ndiye aliyeweka nyingi ya alama hizo. Akitaka kumtunzia msikilizaji kisa, chemko linaondoka.

Kuna jambo jingine lililomuuma zaidi alipolisema: chemko likiponea chupuchupu, salamu husomwa juu yake, kwa kuwa hakuna anayeimba.

Simlaumu. Tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango na Radio One ikaanza mwaka uliofuata, redio binafsi zimeenea hadi wilayani, na nyingi zinaishi kwa matangazo. Bila tangazo la saruji, hata kile kipande cha mwanzo tusingekisikia.

Anachofanya yeye ni kuvizia usiku. Baada ya saa tano matangazo yanapungua, hapo anaondoa alama na kuacha bendi imalize. Anasema ujumbe humjia kutoka kwa walinzi, manesi wa zamu na madereva wa malori walio njiani kuelekea Dodoma, na wengi wanamwomba jambo moja tu, asiukate.

Nilimuuliza kama kuna ushahidi kwamba mchana wasikilizaji hukimbia wimbo mrefu. Alisema yeye hajauona, na meneja wa vipindi hajawahi kumwonyesha. Sasa nani aliamua kwamba tunachoka dakika ya nne? Na mpiga solo ambaye sehemu yake haifiki hewani, mrabaha wake unahesabiwaje? Hayo sikupata wa kunijibu.

Wenye vituo, tengeni walau saa moja ya Jumapili mchana, wimbo uanze na uishe bila kufifishwa wala kusomewa salamu juu yake. Mfanyabiashara anaweza kuidhamini saa nzima, tangazo lake likakaa kati ya wimbo na wimbo. Nanyi wasikilizaji, kituo chenu kikikata chemko, kitumieni ujumbe siku hiyo hiyo.