Sanduku la Umeme Kambini

Likizo iliyopita sisi maskauti tulitoka Gitega kwa kamioni, tukashika njia ya Karuzi, tukapiga hema nje ya mji wa Muyinga kwa siku tano. Mahali pale hapana waya wa umeme, na jenereta hatukuichukua, maana miaka hii petroli huadimika kwetu. Tulichukua sanduku la umeme, nami nikakabidhiwa kulitunza. Nataka kuwaeleza jinsi lifanyavyo kazi, na jinsi nilivyoshindwa usiku wa kwanza.

Sanduku hilo ni betri kubwa ya lithiamu yenye mkono wa kushikia. Ndani yake mna pia chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa nyumbani. Betri za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1991. Wataalamu watatu waliozivumbua, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Huko Ulaya na Marekani watu husafiri na masanduku haya katika magari yenye vitanda na jiko ndani. Sisi hatuna magari hayo, lakini giza la porini ni lile lile.

Sasa tufanye hesabu. Fikirini mtungi wa maji. Wati ni kasi ya maji yanayotoka; wati-saa ni maji yote yaliyomo. Sanduku letu lilikuwa la wati-saa 500. Katika kugeuza umeme hupotea kiasi, basi mimi huhesabu 425 tu. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa nne hunywa 80. Simu sita, kila moja wati-saa 15, hunywa 90. Jumla ni 170 kwa usiku mmoja. Kumbe, tungeweza kukaa siku mbili bila wasiwasi.

Lakini jioni ya kwanza wenzangu walinibembeleza wafungue kipaza sauti cha wati 100 ili wacheze muziki. Niliona haya kukataa. Kililia tangu saa kumi hata saa moja: wati-saa 300 zikaondoka. Simu zikala 90. Zikabaki 35, na taa zikazimika hata saa tatu haijafika. Usiku wa manane mdogo wetu mmoja akashikwa na homa kali. Tulitafuta sanduku la dawa kwa kuwasha njiti za kiberiti, moja baada ya moja, naye analia. Tulipata dawa, akapona. Lakini usiku ule sitausahau. Asubuhi Padri hakunikemea. Alinipa karatasi na kalamu, akasema, "Andika kila kitu kinachokula umeme." Hesabu mliyoisoma hapo juu ndiyo ile niliyoiandika siku ile.

Tangu hapo tulijaza sanduku kwa paneli ya jua ya wati 100. Msidhani itatoa 100 siku nzima. Tuliona wati 60 hivi kwa saa tano, yaani wati-saa 300, nazo zilitutosha. Jua hilo hilo ndilo linaloendesha mtambo wa Mubuga, karibu na Gitega, wa megawati 7.5, ulioanza kazi mwaka 2021.

Yafaa pia kukumbuka haya. Paneli iwekwe juani, lakini sanduku likae kivulini, kwani joto huharibu betri. Lisinyeshewe mvua. Birika la umeme na pasi visichomekwe kamwe, kwa kuwa hunywa wati elfu moja na zaidi. Na kila usiku pabaki robo ya betri isiyoguswa, kwa ajili ya mgonjwa.

Nanyi ndugu zetu mliokwisha kumaliza shule, mnaotumia masanduku haya dukani au katika zahanati, hesabu ni ile ile. Wahenga walisema, akiba haiozi. Nami naongeza: mtunza akiba asione haya kusema hapana.