Ukienda Venice, Uwe Mgeni Mwema

Siku hizi si wachache miongoni mwetu wanaofunga safari ya Ulaya. Mmoja huenda kwa masomo, mwingine kumtazama mwanawe anayefanya kazi huko, mwingine kupumzika tu. Ukifika Italia, yawezekana wenyeji wako wakasema, "Twende tukaone Venice." Nenda, maana mji huo hauna mfano wake. Lakini una desturi zake, na asiyezijua hulipa mara mbili: kwa fedha na kwa aibu.

Kabla ya kuondoka

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda hana budi kupata viza ya Schengen. Maombi hupelekwa mapema, wala si chini ya siku 15 kabla ya safari. Utatakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Viza hiyo haikuruhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Basi hesabu siku zako vema.

Jinsi mji ulivyo

Venice umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, navyo vimeunganishwa kwa madaraja zaidi ya 400. Barabara zake ni mifereji ya maji. Motokaa huishia mlangoni mwa mji, mahali paitwapo Piazzale Roma. Toka hapo ni miguu au mashua. Ukija kwa treni, usishuke Mestre ukidhani umefika. Mestre iko bara. Ngoja mpaka Santa Lucia, kituo cha mwisho.

Chukua mzigo mwepesi, kwa sababu madaraja mengi yana ngazi, na sanduku utalibeba mwenyewe. Andika kwenye karatasi jina la mtaa wa nyumba yako pamoja na namba. Mitaa mikubwa ni sita, na namba huhesabiwa kwa mtaa mzima, si kwa njia moja moja. Kwa hiyo namba bila mtaa haikufikishi popote.

Linda mfuko wako

Tangu tarehe 25 Aprili 2024, mgeni anayekuja kwa siku moja bila kulala hutozwa ada ya kuingia katika siku fulani zinazotangazwa. Mwaka 2025 ada ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema, na euro 10 kwa aliyechelewa. Watoto wasiotimiza miaka 14 hawalipi. Anayelala mjini halipi ada hiyo, ila hupaswa kujiandikisha. Uliza kwanza kama siku yako imo.

Mitumbwi myeusi iitwayo gondola ina bei iliyowekwa na halmashauri ya mji: tangu Novemba 2023 ni euro 90 kwa nusu saa ya mchana. Bei hiyo ni ya mtumbwi mzima, si ya kila mtu. Asiye na uwezo huo apande mashua kubwa ya abiria, namba 1, ipitayo Mfereji Mkuu. Ataona majumba yale yale. Usisahau kugusisha tikiti kwenye mashine ya gatini kabla ya kupanda, usije ukatozwa faini.

Kahawa inywe umesimama kaunta. Ukiketi mezani, hasa katika uwanja wa Mtakatifu Marko, bei huruka juu. Maji usinunue: chukua chupa, uijaze kwenye mabomba ya uwanjani, maana ni safi.

Maji yakipanda

Toka vuli mpaka majira ya baridi, bahari huweza kufurika mjini. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalifika sentimeta 194, na tarehe 12 Novemba 2019 kama sentimeta 187. Tangu Oktoba 2020 iko milango mikubwa ya chuma inayoinuliwa kuzuia bahari, na imeokoa mengi. Hata hivyo, ukisikia king'ora, wasikilize wenyeji, nawe uwe na viatu vya mpira.

Heshima kwa wenye mji

Pita upande wa kulia wa njia. Usisimame katikati ya daraja kupiga picha, maana nyuma yako yuko mama anayewahi kazini. Usikae kwenye ngazi kula, usiwape njiwa chakula, usiogelee mferejini; yote hayo yana faini. Ukiingia kanisa la Mtakatifu Marko, funika mabega na magoti.

Mwaka 1951 watu kama 175,000 walikaa katika visiwa vya mji wa kale. Leo hawafiki 50,000. Nyumba nyingi zimegeuzwa vyumba vya wageni, kodi imepanda, na vijana wamehamia bara. Wageni wa siku moja huacha taka nyingi na fedha chache.

Basi, ukiweza, lala mjini hata usiku mmoja. Nunua mkate na matunda katika duka la jirani, na uwasalimu watu: "Buongiorno" asubuhi, "Buonasera" jioni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunataka neno hilo litimie nyumbani kwetu wageni wanapokuja. Na litimie vilevile pale tunapokuwa wageni sisi.