Uganga na Uanaume katika Riwaya ya Tehanu
Katika riwaya ya Tehanu (1990) ya Ursula K. Le Guin, wakulima wa kisiwa cha Gont hutumia uganga kila siku, kwa mfano kutibu mbuzi. Uganga wa wanawake hudharauliwa. Ule wa heshima hufundishwa wanaume tu, chuoni Roke. Ged, aliyekuwa bingwa wao, amepoteza nguvu zote. Sasa anachunga mbuzi, kazi ya utoto wake. Je, ni mwanamume bado?

Hapa ndipo mfasiri hukwama. Kiingereza kina neno la mwanamume na jingine, la dharau, la mwanamke. "Mchawi" wetu habagui jinsia, tena huogopwa. Mimi ningeandika "mganga wa chuo" na "mganga wa kijiji".